Kishawishi Huingia kwa Mlango wa Kile Tunachokipenda

Maneno yaliyotolewa na katibu wa kwaya katika mafungo ya maandalizi ya Jubilei ya Fedha





Wengi walitarajia kwamba ofisi ya katibu ingesoma historia ya kwaya, na kutaja wenyeviti na safari tulizofanya kwa miaka 25. Historia hiyo itakuwa katika kijitabu cha sherehe na kila mtu ataisoma nyumbani kwa nafasi yake. Leo tuko katika mafungo, na mafungo ni siku ya kujitazama. Kamati imeomba tujitazame kupitia hadithi za vishawishi.

Tuanze na neno lenyewe. Katika sala ya Baba Yetu, sisi Wakatoliki tunasema kishawishi, na ndugu zetu wa madhehebu mengine wanasema majaribu. Maneno haya mawili yanasaidiana. Kumshawishi mtu ni kumvuta kwa maneno mpaka akubali mwenyewe. Kishawishi hakimfungi mtu kamba. Kinamwachia miguu yake, na ni kwa miguu hiyo hiyo anakifuata. Jaribu nalo ni kipimo. Sisi walimu tunapowapa wanafunzi jaribio, hatuwatii kichwani jambo jipya. Tunataka kuona kilichomo tayari. Kwa hiyo hadithi ya kishawishi inatuonyesha mambo mawili kwa pamoja: ni nini kinachomvuta binadamu, na ni nini kilichokuwa ndani yake kabla hajavutwa.

Kwa nini hadithi?

Daudi ni mwimbaji mwenzetu, na Zaburi nyingi tunazoimba zinapewa jina lake. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11, alimchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Mungu alimtuma kwake nabii Nathani. Nathani hakuanza kwa kumshtaki. Alimsimulia habari za tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu kali juu ya tajiri yule. Hapo ndipo Nathani alipomwambia kwamba tajiri huyo ni yeye mwenyewe.

Tuone jinsi binadamu alivyo. Dhambi ya mtu wa kwenye hadithi aliitambua mara moja. Ya kwake aliishi nayo ndani ya nyumba miezi mingi bila kuiona. Ndiyo maana watu wa kila taifa walitunga na kupokezana hadithi za vishawishi. Mtu akiambiwa ukweli uso kwa uso hujitetea, lakini akisimuliwa hadithi husikiliza, na ukweli humfikia akiwa hajajiandaa kujitetea.

Katika fasihi simulizi tunafundisha kwamba kisasili ni hadithi inayoeleza asili ya mambo: kifo kilitoka wapi, na kwa nini binadamu anakula kwa jasho. Wanafunzi wakisikia neno hilo hudhani kwamba maana yake ni uongo. Sivyo. Kwetu sisi Biblia ni Neno la Mungu, na hatuifanyi iwe sawa na masimulizi ya Wagiriki wa kale. Lakini binadamu tunayemkuta katika masimulizi hayo yote ni mmoja, na leo tunamtafuta yeye.

Edeni: kila kitu kilikuwa kizuri

Katika Mwanzo sura ya 3, nyoka hakuanza kwa kumwambia mwanamke amwasi Mungu. Alianza na swali: je, ni kweli Mungu amewakataza miti yote? Mti uliokatazwa ulikuwa mmoja. Nyoka aliufanya uonekane kama bustani nzima, na kuanzia hapo mwanamke akawa anatazama kile alichonyimwa akasahau alichopewa.

Kisha mwanamke akaona mambo matatu juu ya mti ule: ulifaa kwa chakula, ulipendeza macho, na ulitamanika kwa kuleta hekima. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo baya. Chakula, uzuri na hekima ni zawadi za Mungu. Kama nyoka angeleta kitu kichungu na chenye kunuka, hadithi ingeishia pale pale. Wahenga walisema, penye urembo ndipo penye urimbo. Ndege hanaswi kwenye tawi kavu lisilo na tunda.

Tusisahau pia kwamba Maandiko yanasema mume alikuwa pamoja naye, akala. Lakini Mungu alipouliza, Adamu alimtaja mwanamke, tena akagusia kwamba ni Mungu aliyempa. Mwanamke akamtaja nyoka. Ndugu zetu Waislamu wanaisoma habari hii katika Kurani, na pale wote wawili wanateleza pamoja na wote wawili wanaomba msamaha pamoja. Jambo hilo ni zuri kwa kikundi chochote kulitafakari. Mambo yakiharibika, tunaelekezana vidole, au tunapiga magoti pamoja?

Kintu na Nambi: punje za wimbi

Majirani zetu wa Buganda wana hadithi ya mtu wa kwanza, Kintu, aliyemwoa Nambi binti wa Ggulu, mwenye mbingu. Ggulu aliwaagiza waondoke mapema, washuke duniani upesi, na hata wakisahau kitu wasirudi nyuma. Nambi alikuwa na kaka yake aitwaye Walumbe, ambaye ni kifo. Walumbe akijua wameondoka, atataka kwenda nao.

Wakashuka na mifugo yao na mbegu zao. Njiani Nambi akakumbuka kwamba wimbi la kuwalisha kuku limebaki. Kintu akamkataza, lakini yeye akarudi. Walumbe akamwona, akamfuata, na tangu siku hiyo kifo kinakaa na watu duniani.

Tukiisoma haraka tutasema Nambi alikuwa mkaidi. Tukiisoma polepole tunaona jambo linalotugusa zaidi. Hakurudi kutafuta dhahabu wala mpenzi. Alirudi kwa ajili ya kuku, kwa sababu mama mwenye nyumba hawezi kuacha mifugo yake ilale njaa. Kilichomrudisha ni uangalifu wake, sifa ambayo siku nyingine zote wangemsifia. Wazee waliotunga hadithi hii walijua kwamba kishawishi hakitafuti tu udhaifu wetu. Kinaweza kushika sifa yetu njema kabisa na kutuvuta kwayo.

Wasireni: hatari iliyokuja kwa wimbo

Hadithi hii inatuhusu sisi waimbaji kuliko watu wote. Katika utenzi wa Homer wa Wagiriki wa kale, Odysseus akirudi nyumbani kutoka vitani alipaswa kupita kisiwa cha Wasireni. Hawa waliwavuta mabaharia kwa kuimba. Aliyewasikia hakuona tena mke wala watoto, na pale walipoketi palijaa mifupa ya watu.

Je, waliimba nini? Hawakumwimbia Odysseus habari za mali. Walimwita kwa jina, wakamsifu kuwa fahari ya watu wake, wakamwahidi kwamba akiwasikiliza ataondoka akiwa amejua mengi zaidi. Kila mtu ana wimbo wake wa Wasireni, na ndani ya wimbo huo hakosi kusikia jina lake likisifiwa. Sisi tunaovaa sare na kusimama mbele ya umati tunajua jinsi makofi yanavyopasha moto kifua.

Odysseus alifanya nini? Alikuwa ameonywa mapema. Aliwaziba mabaharia wake masikio kwa nta, naye akaagiza wamfunge kwenye mlingoti. Akaongeza kwamba akiwaomba wamfungue, wakaze kamba zaidi. Na kweli, wimbo ulipoanza aliomba kufunguliwa, nao wakakaza. Hakujidanganya kwamba wakati huo ataweza kuamua vizuri. Uamuzi aliufanya bahari ikiwa bado kimya.

Kuna hadithi nyingine ya Wagiriki hao hao, ambamo mwimbaji Orpheus alipita kisiwa hicho akiwa na wenzake. Wao hawakuziba masikio. Orpheus alichukua kinubi chake akapiga kwa nguvu, na muziki wake ukaufunika wimbo wa Wasireni, wakapita salama isipokuwa mmoja aliyejitupa baharini. Kwa hiyo Wagiriki walijua njia mbili za kushinda wimbo mbaya: kufungwa kamba, na kuwa na wimbo bora zaidi.

Mara na Siddhartha: nani shahidi wako?

Huko India, katika mahali panapoitwa leo Bodh Gaya, Wabudha wanasimulia kwamba Siddhartha aliketi chini ya mti akakusudia asiinuke mpaka afikie ukweli. Usiku huo akajiwa na Mara, mshawishi. Mara alimletea majeshi ya kutisha, na binti zake wazuri. Siddhartha hakutikisika. Mwisho Mara akatumia swali: wewe ni nani hata ukaketi hapo, na ni nani atakushuhudia? Siddhartha hakubishana. Aligusa ardhi kwa mkono wake wa kulia, na ardhi ikawa shahidi wake.

Hofu ilishindwa, na uzuri ukashindwa. Silaha iliyowekwa ya mwisho ilikuwa shaka juu ya thamani yake. Wengi wetu tungeweza kukataa pesa, lakini tukiulizwa kwa dharau sisi ni nani, tutafanya lolote ili tuonekane kuwa watu.

Bwana wetu jangwani

Kila mwaka, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, Kanisa hutusomea Injili ya Yesu akijaribiwa jangwani. Kuna mambo manne tunayopenda kuyataja.

La kwanza ni wakati. Alikuwa ametoka kubatizwa, na sauti kutoka mbinguni ilikuwa imemtambulisha kuwa Mwana. Kishawishi kilifuata mara baada ya siku kuu. Ndugu waimbaji, Jumapili ijayo tutakuwa na siku kuu. Tujue kinachofuata siku kuu.

La pili ni kwamba mjaribu alianza na neno "ikiwa", akitilia shaka jambo lile lile ambalo sauti ya mbinguni ilikuwa imelithibitisha. Ni swali la Mara kwa Siddhartha, katika nchi nyingine na kwa watu wengine.

La tatu ni mkate. Yesu alikuwa amefunga siku 40 na alikuwa na njaa kweli. Mkate si dhambi. Baadaye yeye mwenyewe aliwalisha maelfu, na usiku wa mwisho aliutwaa mkate akautoa kwetu. Suala halikuwa mkate. Suala lilikuwa ni kwa agizo la nani unapatikana, na kwa faida ya nani.

La nne linatuhusu zaidi. Shetani alitumia Zaburi. Alisimama juu ya mnara wa Hekalu akayataja maneno matakatifu bila kukosea. Kwa hiyo kuzijua Zaburi kwa moyo, kuziimba kwa sauti nne bila kutazama kitabu, hakutoshi kumkinga mtu. Hata mjaribu anazijua.

Tukiziweka hadithi zote hizi pamoja, tunaona kwamba hazituelezi sana juu ya mjaribu. Zinatueleza juu yetu. Hawa alipenda hekima, Nambi alipenda kuku wake, Odysseus alipenda jina lake, na kila mmoja aliguswa mahali anapopenda. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu akitaka kujua moyo wake una nini, aulize tu: mimi ningenunuliwa kwa kitu gani?

Barua iliyo mezani kwetu

Sasa tuzungumze habari zetu, kwa sababu wengi mmekwisha kuzisikia nje ya lango la kanisa, na ni heri mzisikie hapa. Mheshimiwa mmoja, ambaye hatutamtaja, ameiandikia kwaya barua. Anajitolea kutununulia sare mpya sisi sote, kinanda kipya, na kulipia studio ili turekodi albamu ya jubilei. Anachoomba ni tuhudhurie mikutano yake kuelekea uchaguzi wa 2027, na tubadilishe maneno ya nyimbo zetu mbili ili jina lake liingie. Mkutano mkuu wa kwaya utalipigia kura jambo hili majuma mawili baada ya sherehe.

Tuseme ukweli juu ya njaa yetu. Kinanda chetu kina vitufe vinne visivyolia, na mpiga kinanda wetu amezoea kuviruka kama mtu anayejua mashimo ya njia ya kwao. Sare zina miaka tisa. Vijana waliojiunga mwaka jana wanavaa za waliohama, na mikono haiwafiki. Albamu tumeizungumzia tangu waanzilishi hawa walipokuwa na nywele nyeusi. Hivi vyote ni vitu vyema, na kuvitamani si kosa. Hata njaa ya Bwana jangwani haikuwa kosa.

Kwa hiyo wanaotaka tukubali si akina Yuda. Baadhi yao ndio waliochanga zaidi kwa miaka hii, na wamechoka kuchanga. Na wanaotaka tukatae wasijione malaika, kwa sababu mnara wa Hekalu ni mrefu, na kiburi cha kuwa safi kuliko wenzako nacho ni kishawishi. Tayari kuna watu wawili wa sauti ya tatu ambao hawasalimiani kwa sababu ya barua hii, na walikuwa wakishika kitabu kimoja cha nyimbo. Tukipata kinanda tukawapoteza hao wawili, tutakuwa tumefanya biashara mbaya. Tukikataa kinanda tukawapoteza, vile vile.

Mnakumbuka kwamba Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi lilitangaza kurudisha fedha zilizotolewa na Rais katika parokia moja ya jijini, zikiwemo zilizotolewa kwa kwaya, likieleza kwamba Kanisa linapaswa kubaki huru na ushawishi wa kisiasa. Waimbaji wa kule bila shaka nao walikuwa na vitufe visivyolia. Hatutaji jambo hilo ili kumaliza mjadala wetu. Tunalitaja ili tujue kwamba hatuko peke yetu.

Maswali matatu ya kwenda nayo nyumbani

Hatukuja kuwaambia mpige kura vipi. Tunaomba kila mwimbaji ajiulize maswali matatu kabla ya siku hiyo.

Kwanza, barua hii imeshika pendo gani ndani yetu? Je, ni kupenda ibada iwe nzuri zaidi, au ni kupenda kuonekana? Yawezekana ni yote mawili, na hapo ndipo pagumu.

Pili, katika nyimbo zile mbili, jina litakaloondolewa ili jina jipya liingie ni la nani? Tuzitoe nyimbo hizo, tuzisome mstari kwa mstari, tuone.

Tatu, tumejifunga kwenye mlingoti gani? Katiba yetu ya kwaya haisemi tunaimba kwenye jukwaa gani na hatuimbi kwenye lipi. Kamati inapendekeza tuandike kifungu hicho kwanza, kwa utulivu, bila kumtaja mtu, ndipo turudi kwenye barua. Barua itajibiwa na kifungu, na hakuna mwimbaji atakayesemwa kuwa ndiye aliyekataa au aliyekubali.

Kuhusu njia ya Orpheus, ya wimbo bora zaidi, mweka hazina ameomba tutangaze kwamba sadaka ya pili siku ya sherehe itakuwa ya kinanda. Jumuiya Ndogo Ndogo tatu zimekwisha kuahidi. Hazikuahidi mamilioni. Mojawapo imeahidi kuku 12 wa kupigwa mnada, nasi tulipopata habari hizo tulimkumbuka Nambi tukacheka sana.

Mwinjili Luka anasema kwamba mjaribu alipomaliza alimwacha Yesu kwa muda tu. Kwa hiyo hata tukiamua vizuri mara hii, barua nyingine itakuja, na kwaya ya miaka 50 itakuwa na yake. Tunachoweza kuwaachia wadogo wetu ni mazoea ya kukaa pamoja, kusoma barua kwa sauti, kusali, kuamua, na kuendelea kuimba bega kwa bega na yule aliyepiga kura tofauti nawe.

Baada ya sala ya mwisho kutakuwa na mazoezi mafupi. Sauti ya tatu mbaki nyuma kidogo.

Mungu awabariki, na awape jubilei njema.